Lori la Jibini Jumapili ya Msamaha

Samahani, msomaji wangu. Wiki nzima nimekuacha umesimama uani kwenye baridi ya mji wetu wa Prilep, macho yamekutoka kwenye mlango wa lori, na najua ulinisema vibaya. Basi sogea, mlango ndio huo unafunguka.

Dereva Ilčo alivuta komeo, milango ikalia, na katoni ya kwanza ikaporomoka yenyewe mpaka miguuni pa Dafina Ristevska. Dafina akaipasua kwa ufunguo wa nyumba. Ndani zilipangwa pakiti za flipsi, vile vidole vyepesi vya mahindi ambavyo mtoto wa kwetu huanza kuvitafuna kabla hajaota meno.

Lakini hazikuwa zile za kahawia zenye picha ya karanga, alizoagiza. Zilikuwa za manjano, na juu yake pande kubwa la jibini lenye macho na mdomo, linacheka.

"Za karanga ziko chini," Dafina akasema. "Fungua nyingine."

Ilčo akafungua nyingine. Jibini. Akafungua ya pembeni. Jibini. Akapanda juu ya shehena, akajipenyeza mpaka zikabaki kuonekana soli za viatu vyake tu.

"Dada Dafina," sauti ikatoka gizani, "hata huku ndani wanacheka."

Shangazi Blaguna, dada wa baba yake Dafina, alipiga ishara ya msalaba mara tatu. Mama huyu alifunga hata enzi zile za ukomunisti, ambapo kufunga ulifunga kwa kujificha, usije ukaitwa kwenye kikao cha Chama.

"Mwanangu, leo ni Jumapili gani?"

Nani asiyejua? Ilikuwa Jumapili ya Msamaha, siku ya mwisho watu wetu kugusa jibini. Jumatatu asubuhi inaingia Kwaresima Kuu: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai mpaka Pasaka. Karanga ruksa, mahindi ruksa. Jibini, hata ukiitazama sana, jirani anaanza kukuombea.

Wewe uliyejiunga nasi leo, nikudokeze haraka. Bwana Cemal, mwenye kiwanda cha flipsi kule Izmir, Uturuki, ameahidi kumpa mtu mmoja uwakala wa nchi nzima. Wanaoutaka ni wawili, na atakayemaliza kuuza lori lake la kwanza kabla ya Pasaka ndiye. Mmoja ni Dafina, aliyeacha dirisha lake pale posta akapanga ghala kuukuu la tumbaku. Mwingine ni Naume Kotevski, mzee wa sharubu na maduka, ambaye juu ya hayo yote ndiye baba wa ubatizo wa Dafina. Kwetu mtu huyo tunamwita kumu, na kumu hapigiwi kelele.

Lori la Naume liliingia wiki mbili kabla, limejaa vijiti vya unga vyenye chumvi kutoka kiwanda hichohicho, chakula halali cha mfungo. Vilishasambaa kila kibanda. Na baba yake Dafina alibeba magunia kwa akina Naume mpaka mgongo ukapinda, kwa hiyo msichana huyu hakuwa akitaka flipsi tu. Alitaka siku moja jina la baba yake, Ristevski, liandikwe juu ya mlango, si mgongoni mwa gunia.

"Zirudishe," Shangazi akasema.

"Nizirudishe wapi? Shangazi, sisi hatuna bahari! Meli imeshaondoka bandari ya Solun. Mpaka nilipitishe lori kwa Wagiriki upya, nibembeleze forodha, nisubiri meli nyingine, Pasaka imekwisha na maganda ya mayai yamefagiliwa."

"Basi mpigie huyo Mturuki wako."

Dafina akapiga, akaweka simu juu ya katoni, sauti nje.

"Dafina binti yangu!" Bibi yake Bwana Cemal alihamia Izmir kutoka Bitola, mji jirani na wetu, zamani, akamrithisha lugha yetu pamoja na maneno ambayo hapa hayasemwi tena. "Umeiona zawadi?"

"Zawadi gani, Bwana Cemal?"

"Jibini! Ndizo bora kuliko zote ninazotengeneza. Si uliniambia watu wako wanaingia kwenye mfungo? Mwaka huu tumefunga pamoja, sisi Ramadhani, nyinyi yenu. Nikasema, mtu aliyefunga umpe karanga? Aibu! Jua likizama anataka kitu cha kumkunjua moyo. Nikatoa karanga, nikapakia jibini, bei ileile."

"Jua likizama?"

"Kwani nyinyi mnafuturu saa ngapi?"

"Bwana Cemal... sisi tunafuturu Pasaka."

Izmir ikaguna.

"Mnakaa na njaa mpaka Pasaka?"

"Tunakula! Asubuhi tunakula, mchana tunakula, usiku tunakula mpaka tunavimba. Ila si jibini."

"Subhanallah. Mnafunga jibini?"

"Na nyama, na maziwa, na mayai."

"Lakini kula mnakula?"

"Tunakula."

"Binti yangu, huo ni mfungo, au daktari kawakataza?"

Ilčo alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye mlango wa lori. Shangazi Blaguna hakucheka hata kidogo.

"Mwambie kaniua," Dafina akasema, machozi yakimlenga. "Mwambieni jamani. Jibini lori zima, na kesho ni Kwaresima!"

"Mbona unalia jibini, jibini?" Bwana Cemal akauliza. "Jibini gani?"

"Hiyo kwenye pakiti!"

"Hiyo ni picha."

"Na ndani?"

"Ndani ni mahindi, mafuta ya alizeti, chumvi, na unga wa kiwandani unaonukia. Wallahi, ng'ombe hajawahi hata kupita barabara ya kwangu."

Dafina akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Dafina. Katoni zote zikawa zinacheka tena, safari hii kwa sababu.

"Chakula cha mfungo!" Dafina akaruka, akakata simu bila kuaga, akamkumbatia Ilčo, akamwachia. "Shangazi, tumepona! Kesho naandika mlangoni: hakuna jibini ndani!"

"Andika," Shangazi akasema. "Kwaresima utauza. Pasaka ikipita, nani atanunua jibini isiyo na jibini? Watakuita tapeli mpaka uzeeke. Kumu wako Naume ndiye atakuwa wa kwanza, na atalisema kanisani kwa sauti ya kuimba."

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa, huzaa ndama wa picha. Dafina akakaa juu ya ile katoni, kiwiko gotini. Akisema ukweli, amekwisha baada ya Pasaka. Asiposema, amekwisha kesho asubuhi. Ikasikika ngoma kutoka uwanjani, chini ya mnara wa saa.

"Leo jibini ruksa?" akauliza ghafla.

"Mpaka usiku huu, ndiyo."

"Na uwanjani wako wangapi?"

"Mji mzima uko uwanjani. Ni siku ya vinyago. Una nini wewe?"

"Ilčo, washa lori."

Hujaiona Prilep siku hiyo, msomaji, usiseme umeona watu. Wanaume wazima wamevaa ngozi za dubu na kengele kiunoni, wanawake wana pembe, ngoma zinapigwa kana kwamba kuna deni. Ilčo akaegesha lori kando ya uwanja, akafungua milango, na Dafina akasimama juu ya katoni akapaza sauti ambayo pale posta hakuwahi kuitumia.

"Jibini ya mwisho! Jibini ya mwisho kabla ya Pasaka!"

Mwambie mtu kesho hakuna, leo atakula mpaka cha jirani. Walimvamia. Madubu wakanunua, mashetani wakanunua, bibi harusi mwenye ndevu akanunua katoni nzima akaibeba kichwani. Manjano yakatapakaa uwanja mzima, na kila kinywa kikawa kinasema kraap, kraap. Dafina aliwaza jina juu ya mlango, akawa hasikii hata baridi.

Lakini alikuwa amesahau jambo moja. Alikuwa amekuja na Shangazi Blaguna.

Siku hiyo kwetu mdogo humwendea mkubwa, hubusu mkono wake, husema "nisamehe". Mkubwa humjibu "umesamehewa, na Mungu akusamehe", kisha naye huomba msamaha. Huingii Kwaresima na donge moyoni. Shangazi aliketi kando ya lori kwenye kiti cha kukunja, na vijana wakawa wanapanga mstari, mkono mmoja unashika mkono wake, mwingine umeshika pakiti ya manjano. Kila aliyeinama alimpulizia puani harufu ya jibini.

"Nisamehe, Shangazi Blaguna."

"Umesamehewa, mwanangu. Na wewe... na wewe nisamehe." Sauti yake ilikuwa inazidi kunyong'onyea.

Akaja dubu mkubwa kupita wote. Akavua kichwa, kumbe Mitko, muuza nyama wa sokoni, mtu ambaye Kwaresima kwake ni likizo ya lazima. Akabusu mkono, mashavu yamejaa.

"Nisamehe, Shangazi, mwaka jana nilikupunja kwenye shingo ya kondoo."

Mama wa watu akashindwa. "Umesamehewa, Mitko. Na wewe nisamehe, mwanangu, maana hiyo unayotafuna si jibini!"

"Ni nini?"

"Harufu!"

Mitko akameza. Mtu mwenye sauti ya kuuza nyama sokoni hasemi jambo kwa kunong'ona. "Enyi watu! Jibini haina jibini!"

Ngoma zikanyamaza moja moja. Madubu wakageuka. Yule bibi harusi mwenye ndevu akaishusha katoni yake polepole, kwa namna ambayo Dafina hakuipenda.

"Tapeli!" mmoja akasema.

"Posta walikuwa wanatupotezea barua, sasa wametoka nje wanatupotezea jibini!"

Dafina akaona ghala linafungwa. Akamwona baba yake na magunia. Miguu ilimwambia akimbie, na angekimbia, ila lori lilikuwa nyuma yake na mji mbele yake. Ukweli ulikuwa umeshavuliwa nguo uwanjani. Akaona bora autembeze mwenyewe.

"Ni kweli!" akapaza sauti. "Jibini hamna! Hata tone la maziwa hamna, nimeambiwa leo na mwenye kiwanda mwenyewe. Nilitaka niwauzie leo, nikae kimya. Leo ni siku ya msamaha, basi nisameheni. Mitko! Kesho utashushia bia yako na nini?"

Mitko akakuna kichwa cha dubu badala ya chake. "Maharage."

"Na keshokutwa?"

"Maharage."

"Na Jumapili ijayo?"

Mkewe akajibu kutoka nyuma, "Atakula maharage na nitalala chumba kingine!"

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Dafina akaona upenyo, akaingia nao mzimamzima.

"Mnamezea mate jibini mpaka Pasaka kila mwaka! Mimi nawaletea utamu wake bila dhambi yake. Mahindi, alizeti, chumvi. Aliyenunua leo akidhani ni jibini, nimemkosea, alete pakiti nimrudishie chake. Mwenye kutaka ya kumvusha Kwaresima, apange mstari huku!"

Hakuna aliyesogea. Kila mtu alimtazama Padri Metodi, ambaye alikuwa amesimama karibu na ngoma, pakiti ya manjano mkononi, anatafuna kimya kimya kama mimi na wewe.

"Mahindi ni mahindi," Padri akasema, mdomo umejaa. "Uongo ndio unaovunja mfungo, na huo umeshautema. Muuzie mtu aende."

Wa kwanza kusogea alikuwa Shangazi Blaguna. Alinyakua pakiti, akaifungua kwa meno, akanusa, macho yakamlowa. "Maisha yangu yote nafunga," akasema, "maisha yangu yote naota jibini usiku, na asubuhi naungama. Kumbe ningeweza kuota nikiwa macho!" Akatafuna. Baada ya hapo Ilčo hakupata nafasi ya kuvuta pumzi. Wenye vibanda wakaja wenyewe na mikokoteni, wakabeba katoni za kuweka sokoni kesho asubuhi, na kabla taa za barabarani hazijawaka nusu ya lori ilikuwa tupu.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Dafina alikuwa amezaa mapacha.

Ikabaki ziara moja. Kumu ni kumu, hata akiwa mshindani. Jioni hiyo Dafina na Shangazi walipanda kwa Naume na machungwa na halua, na Dafina, kwa kiburi kidogo ambacho mimi binafsi namsamehe, akaongeza pakiti moja ya manjano juu yake.

Trena, mke wa Naume, aliwafungulia, akawabusu. Meza ilishaandaliwa. Kutoka darini lilining'inia yai lililochemshwa, limefungwa uzi, la kuchezewa baada ya chakula: linabembezwa, na kila mtu analidaka kwa mdomo bila mikono. Kwetu yai hilo ndilo hufunga kinywa kwa Kwaresima.

Naume alikuwa kichwani mwa meza, sharubu zimechongwa upya.

"Nimesikia ngoma zikinyamaza, nikasikia watu wakicheka," akasema. "Nasikia umeuza."

"Nimeuza, kumu." Dafina akainama, akaubusu mkono. "Nisamehe kwa yote niliyokukosea, kwa kujua na kwa kutojua."

"Umesamehewa, na Mungu akusamehe." Kisha mzee akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasimama, akakiinamisha kichwa chake chenye mvi mbele ya Dafina. "Na wewe mwanangu, nisamehe mimi."

Moyo wa Dafina ukayeyuka. Huyu ndiye aliyembeba juu ya maji ya ubatizo. Hasira zote za magunia zikamtoka. "Umesamehewa, kumu wangu, na Mungu akusamehe."

"Amina," Shangazi akasema, anafuta pua.

Naume akaketi, akazivuta sharubu, moja, halafu nyingine. "Vizuri. Sasa nikwambie ulichonisamehe."

Chumba kikapoa.

"Mchana nilimpigia Cemal, akanihadithia zawadi aliyokupakilia. Nilimwambia zawadi yake umewamwagia nguruwe wa jirani. Nikamwambia umesema nguruwe ndio saizi ya flipsi zake." Akachukua kipande cha halua, akakila bila haraka. "Alilia, mwanangu. Mtu mzima, amefunga, alilia. Akasema hatakuuzia tena hata punje, Pasaka haisubiriwi, uwakala ni wangu."

Dafina akapiga Izmir pale pale, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Hakuna aliyepokea.

"Nausitisha!" akapiga kelele, kumu asiyepigiwa kelele akapigiwa. "Msamaha wangu nausitisha!"

"Hausitishwi, mwanangu." Shangazi Blaguna alikuwa analia, lakini imani yake haikulegea hata kwa damu yake. "Ukishatoka mdomoni siku ya leo, umeshafika juu."

"Unadhani nilisubiri jioni kwa nini?" Naume akasema, akacheka mpaka sharubu zikapoteza umbo. "Ya biashara yameisha. Kaa ule. Mimi naanza na yai."

Akalisukuma yai, likaanza kubembea. Akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, akafungua mdomo. Lori la Dafina lilikuwa limebaki nusu, na nusu hiyo sasa haikuwa na maana yoyote.

Yai likaenda, likarudi, likasimama.

Trena alikuwa amelishika kwa vidole viwili.

"Naume, mume wangu," akasema, "mimi ni mdogo wako kwa umri, na leo sijakuomba msamaha."

"Wa nini?" Naume akauliza, mdomo bado wazi.

"Nisamehe kwanza, ndiyo desturi. Ukishanisamehe mbele ya hawa, nitakwambia nilimjibu nini Cemal alipopiga tena mchana, wewe ukiwa bafuni unachonga sharubu."